Sema Tena: Sita au Tisa?

Kosa lenyewe lilikuwa la silabi mbili, na lilitugharimu shilingi 180,000.

Kaka yangu anaendesha semi kati ya bandari ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Siku hiyo alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, tairi la trela limepasuka na fundi amesimama pembeni anasubiri chake. Akanipigia nimtumie fundi pesa kwa simu. Injini ilikuwa inaunguruma, maana foleni ile husogea hatua moja moja na hakuna dereva anayetaka kupitwa. Masikioni alikuwa na eapodi nilizomnunulia mimi mwenyewe sikukuu ya Idi. Akanisomea namba. Mahali aliposema "tisa" nikasikia "sita". Nikamrudishia namba yote ili tuhakikishe, naye akasikia kile alichotarajia kusikia, akasema ndiyo, hiyo hiyo, tuma. Jina lilipotokea kwenye kioo halikuniambia kitu, kwa kuwa fundi nilikuwa simjui hata kwa sura. Nikabonyeza. Nusu saa baadaye kaka akapiga tena: "Mdogo wangu, mbona hujatuma? Jamaa amekunja uso hapa."

Sehemu ya pesa ilirudi baada ya siku kadhaa za kupiga huduma kwa wateja. Iliyobaki ilikuwa imeshatolewa. Lakini kilichonisumbua zaidi ya pesa ni zile eapodi. Nilizichagua kwa makini. Nilizisikiliza dukani, bezi ikajaa kichwani, nikaridhika. Simu nayo niliichagua mimi, kwa sababu ya kamera. Vifaa vyote viwili vilikuwa vizuri kwa kila kipimo ambacho muuzaji alinionyesha, na vikashindwa kazi moja ambayo kaka alivihitaji kuliko zote: kufikisha maneno yake kwa mtu wa upande wa pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia ndugu na marafiki wanaotaka simu mpya jambo ambalo wengi huliona la kinyume. Kama unaishi kwa kuongea na simu, anza na hedseti, tena anza na maiki ya hiyo hedseti. Simu ifuate. Ili kuona kwa nini nasema hivyo, inabidi kwanza tuelewe sauti inapotelea wapi.

Tamka "sita", kisha "tisa". Irabu ni zile zile, kwa mpangilio ule ule: i, halafu a. Konsonanti nazo ni zile zile, s na t, zimebadilishana nafasi tu. Kwa hiyo mtu akizipokea i na a bila kuzipokea vizuri s na t, hana namna ya kujua ameambiwa sita au tisa. Atakisia. Na hizo s na t ndizo simu huzipoteza mwanzo kabisa.

Kwa miongo mingi simu za kawaida zimekuwa zikipitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, kuanzia hezi 300 hadi 3,400, yaani mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Irabu zinatosha humo. Lakini nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000, nje kabisa ya mlango. F nayo ni sauti dhaifu iliyotawanyika, na tofauti yake na s iko huko huko juu. Ndiyo maana "sisi" na "fisi" vikipita kwenye simu duni hutoka karibu kitu kimoja, na mtu anayetaja jina geni lenye s hulazimika kusema "s ya sukari". Huko Lubumbashi, ambako watu wanaozungumza Kiswahili mara nyingi huhesabu kwa Kifaransa, kaka anakutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine: six na dix, sita na kumi, zinazotofautiana kwa konsonanti moja ya mwanzo. Kwenye hesabu ya magunia, hiyo ni tofauti ya magunia manne.

Sasa ongeza injini ya lori. Mngurumo wa dizeli ni sauti nzito, unakaa chini, unafunika irabu. Simu inakata juu, injini inafunika chini, na neno la dereva linabaki limebanwa katikati. Mtu anayeongea kutoka ndani ya kichwa cha semi anahitaji vifaa bora kuliko karani aliye ofisini kwenye kiyoyozi, na kwa kawaida ndiye anayenunua cha bei ya chini barabarani.

Hapo kati kuna habari njema. Mitambo ya 4G inaweza kupitisha sauti pana zaidi, kuanzia hezi 50 hadi 7,000, na hapo s inaingia. Tofauti utaisikia mara moja: ni kama mtu ametoka nyuma ya pazia. Lakini inahitaji mambo matatu yakubaliane, yaani simu yako, mtandao wako, na simu ya unayeongea naye. Kupima si kazi. Piga simu, kisha tazama juu ya kioo wakati mnaongea. Kama alama ya 4G imebaki pale pale, sauti yako inasafiri kwenye 4G. Kama imegeuka kuwa 3G, H au E, simu imerudi kwenye njia za zamani ili ikupigie, hata kama intaneti yako ni ya kasi. Wakati mwingine tatizo ni kitufe tu kilichozimwa kwenye mipangilio ya laini. Wakati mwingine simu yenyewe haiwezi, au inaweza kwenye mtandao mmoja na haiwezi kwenye mwingine, kwa sababu haikutengenezewa soko letu. Simu iliyotumika kutoka nje, hata ya bei kubwa, ipimwe jambo hili kwa laini yako mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Baada ya mtandao kuna kipande cha pili cha safari, kile kifupi kati ya simu na sikio, na hapa ndipo watu wengi huongopewa bila mtu yeyote kusema uongo.

Bluetooth, au blutuzi kama tunavyoiita mitaani, ilianzia kwenye maabara za Ericsson mjini Lund, Uswidi, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alianza kuishughulikia mwaka 1994. Mwaka 1998 Ericsson ikaungana na Nokia, Intel, IBM na Toshiba kuifanya iwe ya wote, na jina likatolewa kwa mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyejulikana kwa jina la utani la Jino la Bluu. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na ya oveni za maikrowevu. Ili isigongane na wenzake, ile ya kawaida inayobeba sauti hurukaruka kati ya vituo 79 na inaweza kubadilisha kituo mara 1,600 kwa sekunde. Ukiwaza watu wote wanaopita Kariakoo saa kumi jioni na vifaa vyao masikioni, unaona kwa nini hilo lilihitajika.

Jambo la kujua ni hili: muziki na mazungumzo havipiti njia moja. Muziki unakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu hadi sikioni, kwa hiyo unapewa barabara pana. Mazungumzo yanakwenda na kurudi, na kwa muda mrefu yalipewa kichochoro: sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, kipimo kinacholingana na simu ya zamani. Umewahi kusikiliza wimbo, ukapigiwa simu, na ghafla kila kitu kikawa kama kinatoka ndani ya debe? Ni kifaa kimehama barabara. Mwaka 2011 kanuni za upande wa mazungumzo ziliboreshwa na kuruhusu sampuli 16,000, lakini lazima simu na hedseti vyote viwe nazo. Kimoja kikikosa, vyote vinashuka.

Kwa hiyo muuzaji anapokuvalisha eapodi na kukuwekea Bongo Fleva, anakupimia barabara ambayo mazungumzo yako hayataipita kamwe. Anakupimia spika, wakati shida yako iko kwenye maiki. Na huwezi kuipima maiki yako mwenyewe kwa kusikiliza, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye hutaisikia. Ndivyo nilivyonunua zile za Idi.

Mara ya pili tulikwenda wawili, mimi na kaka, Jumamosi moja lori lake likiwa gereji. Tulishuka Msimbazi tukatembea hadi mtaa wa Aggrey. Kabla hatujafika kona tulikuwa tumeshapata winga, dalali wa mtaani, kijana mwepesi mwenye fulana ya mpira, aliyetuambia kila tunachotaka kipo na bei ni ya ndugu. Nikamweleza tunataka nini: hedseti ya sikio moja, yenye mkono wa maiki unaofika mdomoni. Akatutazama kwa huruma kidogo. "Bosi, hizo ni za watu wa ofisini. Chukua hii hapa, ina 5.3, ina kuzuia kelele, inakaa na chaji siku nzima."

Hizo 5.3 ni toleo la Bluetooth. Ni jema kwa uthabiti wa muunganisho na kwa kutunza betri, lakini peke yake halikuambii chochote kuhusu maiki. Na hiyo "kuzuia kelele" inafunika mambo mawili tofauti ambayo maboksi huyachanganya. Lipo la kukuzuilia kelele wewe msikilizaji: kifaa kinasikiliza mngurumo wa nje na kutengeneza mawimbi ya kuufuta ndani ya sikio lako. Kwenye boksi huandikwa ANC. Ni faraja kubwa ndani ya basi au ndege. Na lipo la kumzuilia kelele yule unayeongea naye, kwa kuchuja sauti inayoingia kwenye maiki yako. Hilo mara nyingi huandikwa ENC. Dereva anayetaka aeleweke anahitaji la pili. La kwanza linaweza hata kumdhuru, likimfutia mlio wa injini yake anaoutegemea kujua gari linasemaje.

Tukamwomba winga vifaa vinne vya aina mbalimbali, vitatu kati yake vilivyokaribiana bei, tukavipeleka nje ya duka. Pembeni kulikuwa na bajaji imesimama inasubiri abiria. Nikampa dereva wake elfu mbili awashe injini na asiizime mpaka nimwambie. Kaka akasimama hatua mbili kutoka kwenye bajaji na kumpigia Mama, aliyeko Muheza. Mama ana miaka sabini na kitu, sikio lake la kushoto limeshachoka, na hana tabia ya kumpendezesha mtu kwa kukubali asichokisikia. Nilikuwa nimemweleza usiku uliotangulia: atasomewa maneno, ayarudie kama alivyoyasikia.

Maneno yenyewe niliyaandika kwenye karatasi, na yeyote anaweza kuyatumia: *Sisi si fisi. Sita, tisa, tisa, sita. Sumu ya Fumo. Tata, kata, pata.*

Kwa eapodi za kwanza Mama alisema, "Mwanangu, uko kisimani?" Kwa za pili, ambazo zilikuwa za bei kubwa kuliko zote, alirudia namba na kupata mbili kati ya nne. Kifaa cha tatu, kidogo cha sikio moja kisicho na mkono wa maiki, kilimpa sauti safi kila bajaji ilipotulia na kummeza kaka kila ilipopandisha moto. Cha nne kilikuwa na mkono. Winga alikileta mwisho, kwenye boksi lenye vumbi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikiulizia. Kaka akaushusha mkono hadi karibu na pembe ya mdomo, akasoma karatasi. Mama akarudia yote, fisi kwa sisi, sita kwa tisa, kisha akauliza, "Na hiyo bajaji imeondoka?"

Bajaji ilikuwa pale pale, inatetemeka.

Hakuna muujiza hapo. Maiki ya eapodi iko karibu na sikio, tuseme sentimita 12 kutoka mdomoni. Maiki ya mkono iko sentimita 2. Sauti hupungua nguvu kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kwenye maiki iliyo mbali mara 6, nguvu ya sauti yako inapungua takriban mara 36. Mngurumo wa injini haujali umbali huo mdogo; unafika kwenye maiki zote mbili ukiwa na nguvu ile ile. Programu ya kuchuja kelele ikipewa sauti nyingi na kelele kidogo ina cha kufanyia kazi. Ikipewa sauti kidogo iliyozama kwenye kelele, huanza kukata maneno yenyewe, na hizo s na t nyembamba ndizo zinazokatwa mwanzo kwa kudhaniwa ni mchakacho.

Wanaoishi kwa sauti walilijua hili zamani. Plantronics, kampuni iliyojenga jina lake kwa hedseti nyepesi zenye maiki ya mdomoni, ilianzishwa mwaka 1961 na marubani wawili huko Santa Cruz, California, waliochoshwa na vifaa vizito vya ndani ya ndege. Mwaka 1969 maneno ya Neil Armstrong kutoka mwezini yalipitia hedseti yao. Rubani hawezi kusema "rudia" mara tatu wakati anashuka. Dereva wa lori ni ndugu yake rubani kuliko tunavyokubali: anakaa kwa saa kumi, kelele haishi, na neno moja likikosewa lina bei yake.

Tulinunua kile cha nne. Kilikuwa na mambo mengine mawili tuliyoyataka. Kinaweza kuunganishwa na simu mbili kwa wakati mmoja, na kaka ana mbili, ya kwake na ya tajiri, mwenye lori. Na ni cha sikio moja, hivyo sikio la pili linabaki kwa honi, kwa utingo, na kwa lori lenyewe. Jambo la sauti kubwa nalo si dogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtu aliyeziba masikio yote mawili ndani ya kelele hupandisha sauti bila kujua, na seli za sikio zikifa hazioti tena.

Kuna tatizo dogo lililojitokeza wiki ya kwanza, na nalieleza kwa sababu limewafanya watu wengi kurudisha vifaa visivyo na kosa. Kaka alilalamika sauti inakatika. Nikamuuliza simu anaiweka wapi. Mfuko wa nyuma, kulia. Hedseti iko sikio gani? Kushoto. Mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji hunywa mawimbi ya gigahezi 2.4. Alikuwa anayalazimisha mawimbi yapite katikati ya mbavu zake. Akaihamishia simu mfuko wa shati, upande wa kushoto, na ukawa mwisho wa kukatika.

Betri ni suala la kulikubali mapema. Eapodi moja hubeba betri ya miliampia-saa 40 au 60 hivi, wakati simu ya kisasa ina 5,000. Kitu kidogo namna hiyo huchajiwa na kuisha mara nyingi, na betri za lithiamu huzeeka kwa kila mzunguko, na huzeeka haraka zaidi kwenye joto. Dashibodi ya lori lililoegeshwa Chalinze saa saba mchana ni jiko. Na kwa sehemu kubwa ya vifaa hivi fundi hawezi kubadilisha betri bila kuvunja plastiki. Hedseti ya mkono ina mwili mkubwa kidogo, hivyo betri yake ni kubwa kidogo, na ningechagua yenye kutumia waya ule ule wa chaji kama wa simu, ili ndani ya gari kuwe na waya mmoja wa kutafuta.

Sasa simu. Nitakwenda haraka, kwa sababu ukishajua unaongea vipi, simu karibu inajichagua yenyewe.

Tulitaka laini mbili, ya hapa na ya Zambia. Karibu kila simu Kariakoo ina nafasi hizo, na hilo lina historia: Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006 na inayotengeneza Tecno, itel na Infinix, iliijenga biashara yake Afrika kwa kuelewa mapema kwamba tunabeba laini zaidi ya moja kukwepa gharama za kupiga mtandao mwingine. Ila jua kwamba kwenye simu nyingi za laini mbili, unapoongea kwa laini moja ile nyingine haipatikani. Kwa dereva ambaye tajiri anampigia laini moja na wakala wa forodha laini nyingine, ndiyo maana simu mbili bado zina mantiki.

Tulitaka sauti ipite kwenye 4G, tukaipima kwa laini zetu wenyewe pale pale dukani. Tulitaka betri kubwa. Kamera kaka anaitumia kupiga picha hati za mzigo na lakiri za kontena, na kwa kazi hiyo kamera yoyote ya leo inatosha, kwa hiyo megapikseli 108 tuliwaachia wengine. Kwenye boksi moja palikuwa na RAM "16GB". Ukisoma maandishi madogo, 8 ndizo halisi, na 8 zimekopwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole zaidi. Uliza halisi ni ngapi.

Kabla ya kulipa, bonyeza \*#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, IMEI, moja kwa kila laini. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 kwa hapa Tanzania, usome jibu linataja simu gani. Juni 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania nzima, na wapo waliolala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Dai risiti ya mashine. Winga ni mtu mwema, lakini kesho atakuwa kona nyingine.

Nimefika kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike haya, na ni gumu kulisema baada ya kurasa zote hizi za kusifu hedseti.

Siku tuliyonunua, kaka alifurahi kwa sababu moja: sasa ataongea akiendesha. Mikono yote kwenye usukani, macho barabarani, tatizo liko wapi? Nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka niliposoma waliopima. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani wa Toronto walichapisha uchunguzi wa madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walilinganisha muda wa ajali na rekodi za simu, wakakuta hatari ya kugonga iko takriban mara nne zaidi wakati mtu anaongea na simu. Na wale waliotumia vifaa vya kuwaachia mikono huru hawakuonekana kuwa salama zaidi ya walioshika simu. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah alifuata kwa majaribio ya mwaka 2001 na baada yake, na akaonyesha kinachotokea: macho yanatazama, akili haioni. Abiria aliyekaa pembeni hunyamaza mwenyewe akiona kona mbaya. Mtu wa kwenye simu haoni kona. Anaendelea kudai jibu.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Anayefikiria kwa sekunde tatu kama alisema sita au tisa ameshapita mita 66. Nilimwambia kaka hesabu hiyo, na nikamwambia aifikirie akiwa anateremka Kitonga, tani 30 nyuma yake, basi linapanda mbele. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Tatizo si mimi, mdogo wangu. Tatizo ni nyie mnaopiga."

Alikuwa sahihi. Dereva asiyepokea simu ya tajiri ana kesi, na asiyepokea ya mama yake ana kesi kubwa zaidi. Kwa hiyo tukakaa wote watatu, Mama akiwa kwenye spika, tukapanga. Akipigiwa yuko mwendoni, atabonyeza kitufe cha hedseti na kusema neno moja, "Njiani," kisha atakata, na hakuna wa kununa. Atapiga mwenyewe akisimama: Mikumi, Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, Makambako. Tajiri alipelekewa mpango ule ule na, kwa kushangaza, aliukubali bila ubishi. Alikuwa ameshawahi kupoteza lori.

Mama aliongeza sharti lake, na linategemea tabia moja ya ile hedseti. Mchujo wake unaondoa kelele inayoendelea, mngurumo wa injini na upepo wa dirishani, lakini mlio wa ghafla hupita. Mama hamwamini mtoto wake kwa maneno matupu, kwa hiyo kaka akipiga, hata salamu haitikiwi kwanza. Mama anakaa kimya na simu kwenye sikio la kulia, anasubiri. Lori linasimama, breki ya mkono inavutwa, upepo unatoka: *pssss*. S ndefu, safi, kutoka Makambako hadi Muheza.

"Haya," anasema Mama. "Shikamoo yako nimeisikia. Umekula?"